Baba Mkali na Binti Asiyesikilizwa

Barua haikuwa na la ajabu. Charles, mvulana wa kijijini, alimwandikia Rosa maneno ambayo wavulana wa rika lake huandika, na barua hiyo ikaangukia mikononi mwa Zakaria, baba yake Rosa. Zakaria hakutaka maelezo. Alipiga. Tangu hapo Rosa akakua akiamini kwamba mvulana ni hatari, na kwamba mtu wa kuogopwa kuliko wote analala chini ya paa moja naye.

Euphrase Kezilahabi aliyaandika hayo katika Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1971. Alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944, na kisa chake alikianzia hapohapo kijijini kwao, katika nyumba yenye mabinti wengi, mama anayebeba kila mzigo, na baba mlevi. Zakaria anamchunga Rosa asiharibike, na Zakaria huyohuyo anazinywea pombe fedha za ada yake. Binti anayaona yote mawili. Hakuna mahali anapoweza kuyasema.

Kinachofuata wasomaji wengi wa Kiswahili wanakijua. Rosa anakwenda kusoma shule ya bweni ya wasichana Mwanza bila kuwahi kuzungumza na mvulana pasipo hofu. Hajui kukataa, hajui kukubali kwa masharti yake, hajui hata kumpima mtu kwa maneno yake. Kezilahabi hafichi anamlaumu nani: ulinzi ule wa fimbo ulimnyima binti ujuzi wa kujilinda mwenyewe. Wanaume wanamtumia mmoja baada ya mwingine, na mbaya zaidi kati yao ni mkuu wa chuo cha ualimu alichopelekwa kusomea kazi. Anaporudi nyumbani na kutulia, Charles wa ile barua anarudi maishani mwake, anataka kumwoa, kisha anamwacha kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua.

Mabishano makubwa kati ya Rosa na baba yake yanakuja baada ya hapo, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa, mbele ya hukumu ya Mungu. Huko ndiko binti anakomshtaki mzazi wake. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara inanisumbua kwa namna ileile. Ilibidi Rosa afe kwanza ndipo apate nafasi ya kumwambia Zakaria alichomfanyia. Katika nyumba ya Namagondo, kwenye mkeka, jioni, baada ya chakula, mazungumzo hayo hayakuwezekana, na mwandishi mwenye kipaji kikubwa kama kile hakuona namna ya kuyafanya yawezekane.

Hilo ndilo ninalotaka kulizungumzia wikiendi hii, kwa sababu mwaka huu tena maelfu ya vijana watakabidhiwa riwaya na tamthilia za Kiswahili na kuambiwa kwamba ndani yake watakutana na maisha yao. Riwaya zetu zimemwandika vizuri sana mzazi mwovu na mtoto anayeangamia. Mzazi mwema, anayempenda mwanawe na bado wanagombana hadi milango inabamizwa, hajapata mwandishi wake. Nyumba nyingi ninazozijua ni za mzazi huyo wa pili.

Tukumbuke kwanza Kezilahabi alikuwa anaandika katika nchi gani. Mwaka huohuo wa 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa iliyomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Yaani mbele ya sheria, sauti iliyohesabika juu ya mwili wa binti wa miaka 15 ilikuwa ya baba yake. Ilichukua hadi mwaka 2016 kwa Mahakama Kuu kutamka, katika shauri lililofunguliwa na mwanasheria Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na hadi 2019 kwa Mahakama ya Rufani kuukubali uamuzi huo. Rosa Mistika yenyewe ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya uwazi wake kuhusu mambo ya mwili, kabla ya kuruhusiwa tena. Wakubwa walikiona kitabu hicho kama Zakaria alivyoiona ile barua: karatasi yenye hatari, inayopaswa kukamatwa kabla mtoto hajaisoma.

Shafi Adam Shafi, katika Vuta n'kuvute (1999), aliichukua hali hiyohiyo na kuipeleka Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin ana miaka 15. Wazazi wake, Wahindi, wamemwoza kwa mfanyabiashara mtu mzima, Bwana Raza, ambaye angeweza kumzaa. Anatoroka ndoa hiyo, na jamaa zake wenyewe wanamkana. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke asiye na damu moja naye, anayeishi maisha ambayo jamaa za Yasmin wasingependa hata kuyasikia. Amil Shivji alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 2021, watazamaji wengi walivutwa na mapenzi ya Yasmin na Denge na harakati za kudai uhuru. Mimi ninaona jambo lingine likitangulia hayo yote: msichana anayegonga mlango wa watu wake na kuambiwa hapa si kwenu tena. Shafi anastahili sifa kwa kumwacha Yasmin aishi. Anamwacha acheke, akosee, ajifunze, azeeke kidogo. Lakini kwa wazazi wake harudi. Daraja hilo limevunjwa, na riwaya haijaribu kulijenga upya.

Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, kosa la Maimuna ni dogo kiasi kwamba ukilieleza kwa mtu asiyeijua riwaya hataamini. Mama yake, Bi Tamima, yuko katika uchungu wa kuzaa. Baba, Bwana Maksuudi, mtu mwenye jina na nafasi, hataki wageni ndani ya nyumba yake, na binti yake amewekwa utawani asionekane. Maimuna anakubali mkunga, Bi Farashuu, aingie. Basi. Kwa hilo mama anapigwa na kupewa talaka, na binti anaondoka kwenda kwenye dunia asiyoijua hata kwa dirishani. Kumbe Maksuudi huyu mwenye kuwafungia wanawake wake ana maisha mengine nje, na mwanawe wa kiume, Mussa, ndiye atakayemfumania nyumbani kwa mwanamke aitwaye Kazija. Vijana wa Kenya waliosoma riwaya hii kwa ajili ya mtihani wa KCSE wanaikumbuka sehemu hiyo kuliko nyingine zote, na si ajabu. Kwa mara moja mtoto anamwona mzazi wake jinsi alivyo, na mzazi hana pa kukimbilia.

Ken Walibora naye alimpa Madhubuti nafasi kama hiyo katika Kidagaa Kimemwozea (2012). Madhubuti ni mtoto wa Mtemi Nasaba Bora, mtawala dhalimu aliyejitajirisha kwa mali ya wengine. Anarudi kutoka masomoni ng'ambo na kukataa fahari ya nyumba ya baba yake na kazi ya kutafutiwa kwa jina la baba yake. Ni kijana mwenye msimamo, na wanafunzi wanampenda kwa hilo.

Lakini tuwatazame hao wazee kwa pamoja: Zakaria ni mlevi, Maksuudi mnafiki, Nasaba Bora mwizi na dhalimu. Mtoto anayegombana na baba wa namna hii amekwisha kushinda hoja kabla hajafungua mdomo. Msomaji hapati kazi ya kuamua nani ana haki. Na mzazi wa kawaida akikipitia kitabu hicho mezani kwa mwanawe, anafurahi kuona kwamba yeye si mlevi, hana kimada, hajamwibia mtu ardhi. Anakifunika akiwa na amani, na kumwambia mtoto arudi kwenye masomo. Mgogoro wake na binti yake kuhusu simu, kuhusu rafiki fulani, kuhusu kwenda au kutokwenda kanisani, haujaguswa.

Shule nayo imechangia. Ingia darasa lolote la sekondari wakati wa kipindi cha fasihi utasikia mtiririko uleule: dhamira, wahusika, ujumbe, falsafa, nafasi ya mwanamke. Chini ya Zakaria mwanafunzi anaandika: mzazi asiyewajibika, mlevi, mkali kupita kiasi. Chini ya Rosa: ametumiwa kama chombo cha starehe, amekosa msimamo. Mistari minne, alama nne. Msichana wa miaka 16 anayeyaandika hayo huenda jana usiku alipigwa kwa sababu ya ujumbe uliokutwa kwenye simu yake, na hakuna swali la mtihani linalomkaribisha aseme lolote kuhusu hilo. Ninawaheshimu sana walimu wa fasihi. Wengi wana wanafunzi 80 na zaidi darasani na mtihani ulio mbele yao haujatungwa na wao. Hata hivyo riwaya inayofundishwa kama onyo inaacha kuwa mahali pa kijana kujitazama. Inakuwa fimbo nyingine, safari hii yenye jalada.

Kwa nini waandishi wetu wanaona shida kumweka mzazi na kijana wakazungumza? Sidhani ni upungufu wa ubunifu. Wanaandika walichokiona. Katika jamii zetu nyingi mama hakuwa mtu wa kumweleza binti yake habari za kubalehe. Pwani kulikuwa na somo na kungwi. Bara kulikuwa na bibi, shangazi, unyago na jando. Mwari aliwekwa mikononi mwa mtu mwingine, mwenye ruhusa ya kusema mambo ambayo mzazi akiyasema anavunja heshima. Heshima hiyo ilikuwa na faida yake: mtoto alipata mtu mzima wa kumwuliza ambaye hamwamulii chakula na ada. Kisha watu wakahamia mjini, watoto wakaenda bweni, shangazi akabaki kijijini, na kungwi siku hizi anaitwa wiki ya harusi tu. Wazazi walibaki na ukimya wao wa zamani, lakini yule wa kuuziba pengo hayupo. Kitabu cha hadithi kikajikuta kimeshika kazi ya somo bila mtu yeyote kukipa rasmi.

Kazi hiyo kimeifanya kwa sauti ya mzazi. Na sauti hiyo ina ukoo mrefu katika fasihi yetu. Mwaka 1858 huko Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wosia ambao mpaka leo unasomwa na kukaririwa. Anamwita mwanawe asogee, alete wino na karatasi, asikilize. Ni kazi ya upendo mkubwa, ya mama aliyejua kwamba kifo kiko karibu na kuna mambo hajamaliza kumfundisha mtoto wake. Binti yupo tangu mwanzo hadi mwisho. Hasemi neno. Simlaumu Mwana Kupona, wosia ndivyo ulivyo, na mama anayekaribia kufa ana haki ya kusikilizwa. Lakini karne na zaidi baadaye, waandishi wa riwaya wakiwa hawaagi dunia, bado waliendelea kumwandika kijana kama mtu anayekaa na kusikiliza.

Tamthilia ya Kilio Chetu, iliyoandaliwa na Medical Aid Foundation na kusomwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa Tanzania, ilijaribu kuuvunja ukimya huo kwa nguvu. UKIMWI ulikuwa umeingia, na hapakuwa na muda wa kuona haya. Humo wazazi wenyewe wanabishana: mmoja anaona ni aibu kuwafundisha watoto mambo ya jinsia, mwingine anaona kunyamaza ndiko kunakowaua. Nilivutiwa na hilo. Wakubwa kwa wakubwa walikosoana mbele ya watoto. Hata hivyo watoto walikuwa bado ni watu wa kuokolewa, na fundisho lilikuwa limekwisha andaliwa.

Kwingineko barani humu kuna riwaya mbili zinazonionyesha jinsi jambo hili linavyoweza kuandikwa kwa njia nyingine, na ninatamani kila mwandishi wa Kiswahili anayewaandikia vijana azisome kwa makini.

Ya kwanza ni Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, iliyotoka mwaka 1988. Babamukuru ni mwalimu mkuu, msomi wa ukoo, mtu anayewalipia wengine ada na kuwainua ndugu zake kutoka kwenye umaskini. Hanywi ovyo, haibi, hana unafiki wa Maksuudi. Ni mtu mwema, na ukoo mzima unamtegemea. Binti yake, Nyasha, ameishi miaka kadhaa Uingereza, amerudi na maswali. Anasoma vitabu ambavyo wazazi wake wanaona havimfai, na kimojawapo wanakichukua. Usiku mmoja baada ya dansi ya shule anachelewa kuingia ndani kwa sababu alikuwa bado anazungumza na mvulana nje. Babamukuru anampiga kofi. Nyasha anarudisha ngumi.

Binti anampiga baba yake. Nakumbuka niliposoma mara ya kwanza niliinua macho kutoka kwenye ukurasa nikihofia mtu ameniona. Na Dangarembga haturuhusu tupumue kwa kuchagua upande. Tunajua Babamukuru ameumia kweli, kwamba katika akili yake nyumba yote imeporomoka. Tunajua pia Nyasha hakuwa na mahali pengine pa kuweka hasira yake. Baadaye vita vyao vinahamia mezani. Baba anaamuru ale amalize sahani. Nyasha anakula kila kitu kwa haraka, anaomba ruhusa ya kuondoka, anakwenda kukitapika. Mwili wake unaisha. Baba mwenye chakula kingi kuliko ndugu zake wote anamtazama mwanawe akikonda mbele ya chakula hicho. Msimuliaji, binamu yake Tambudzai, anayaeleza yote kwa nafsi ya kwanza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa humo ndani ya nyumba na hakujua la kufanya.

Ya pili ni Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie (2003), inayosimuliwa na Kambili, msichana wa miaka 15. Baba yake, Eugene, ni tajiri mkarimu, mmiliki wa gazeti linalothubutu kuikosoa serikali ya kijeshi wakati wengine wamenyamaza. Nyumbani amewapangia watoto ratiba ya kila saa. Anawapiga kwa ajili ya wokovu wa roho zao na kulia wakati anawapiga. Anapojua kwamba wamelala nyumba moja na babu yao asiye Mkristo, anawasimamisha bafuni na kuwamwagia maji ya moto miguuni.

Ila jambo ambalo Adichie ameliona kwa karibu zaidi ni dogo. Kila baba anapokunywa chai, watoto wanapewa funda la kwanza kutoka kwenye kikombe chake, kama ishara ya upendo. Chai ni ya moto. Inamchoma Kambili ulimi. Naye anaipenda, kwa sababu ulimi unapoungua anajua upendo wa baba umeingia. Hapo ndipo unapokutana na ukweli wa utoto ambao sijawahi kuuona umeandikwa katika riwaya zetu za shule: mtoto anayempenda mzazi anayemuumiza, anayeona fahari juu yake, anayesubiri asifiwe naye hata saa ile anayomwogopa. Rosa anamwogopa Zakaria. Maimuna anamkimbia Maksuudi. Kambili anampenda Eugene, na ndiyo maana kisa chake kinauma zaidi. Mwisho wa baba huyo unapitia katika kikombe hichohicho cha chai, na Adichie hajaribu kutufanya tushangilie.

Kuna kitu kingine katika riwaya hiyo ambacho Mswahili atakitambua mara moja. Kambili na kaka yake, Jaja, hawabadilishwi na hotuba. Wanabadilishwa na shangazi yao, Ifeoma, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, ambaye nyumba yake ni ndogo, mafuta ya gari yanakosekana, na watoto wake wanabishana na mama yao mezani kwa sauti, wanacheka, kisha wanaosha vyombo. Kambili anashangaa kwamba mtoto anaweza kumpinga mzazi na bado akabaki mtoto wa nyumba ile. Shangazi, yule yule tuliyemwacha kijijini, ndiye aliyeifungua dunia.

Je, sisi hatuna kabisa sauti ya namna hiyo? Tunayo moja ninayoipenda sana. Ken Walibora, miaka mingi kabla ya Kidagaa Kimemwozea, aliandika Siku Njema (1996), na humo akamwachia kijana aseme mwenyewe. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafiwa na mama na kuvuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba ambaye hajawahi kuishi naye. Anasimulia kwa nafsi yake, kwa Kiswahili chenye utamu wa kijana anayejua kwamba anajua lugha. Vijana wa Kenya wa kizazi kile walikihifadhi kitabu hicho kichwani, wengine kurasa nzima. Hawakuambiwa wakihifadhi. Walisikia mtu wa rika lao akizungumza. Hata hivyo mgogoro wa Kongowea ni wa baba asiyekuwepo, na baba asiyekuwepo hakatazi mtu kutoka usiku. Walibora alifariki Nairobi mwezi Aprili 2020, miezi mitatu baada ya Kezilahabi kufariki Dar es Salaam. Mwaka ule tulipoteza wawili waliokuwa na uwezo wa kuandika kitabu ninachokisubiri.

Kitabu chenyewe kingekuwa na nini? Kingekuwa na nyumba ya kupanga Mbagala, Kisauni au Kayole, na mama ambaye ameuza chapati tangu saa kumi alfajiri ili ada ipatikane. Kingekuwa na binti aliyepangiwa tahasusi ya sayansi kwa sababu mama anataka daktari, huku yeye amekwisha kulijaza daftari la hesabu michoro ya nguo. Kungekuwa na simu moja inayogombewa na watu watatu, na neno la siri lililobadilishwa. Kungekuwa na baba mpole, asiyewahi kuinua mkono, ambaye siku moja anakuta picha na anashindwa kabisa kusema, anakwenda kukaa barazani hadi usiku wa manane. Mtoto anasubiri apigwe. Hapigwi. Ukimya ule unakuwa mgumu kuliko fimbo, na kesho yake lazima wote wawili wanywe chai katika chumba kimoja. Kisha kesho kutwa tena. Hakuna anayekufa, hakuna anayefukuzwa. Wanalazimika kutafuta maneno ambayo hakuna aliyewafundisha.

Kuandika hivyo ni kugumu kuliko kuandika kifo. Kifo kinakata ugomvi na kuupa msomaji machozi. Ugomvi unaoendelea kesho unamdai mwandishi ajue kwa nini mama ana haki na kwa nini binti ana haki, katika sentensi ileile.

Wakati riwaya inasita, wengine wameanza. Mwaka 2010 lilitokea Kenya jarida la katuni la Shujaaz, lililogawiwa bure na kuandikwa kwa Sheng. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule, hana kazi, anayeendesha kituo cha redio cha siri kutoka chumbani kwake nyumbani kwa wazazi, akijiita DJ B. Nampenda Boyie. Usiri wake ndani ya nyumba ya mamake unasema mengi: kijana ana sauti inayosikika mtaa mzima isipokuwa sebuleni kwao. Tanzania nako jarida la Fema, la shirika la Femina, limekuwa likipokea barua za vijana tangu mwaka 1999 na kuwajibu kwa Kiswahili cha kueleweka, kuhusu mapenzi, hedhi, fedha na wazazi. Ukitaka kujua riwaya ya vijana ya Kiswahili ingeweza kuanzia wapi, soma barua za namna hiyo.

Tuzo zingeweza kusaidia. Kwa miaka kadhaa Tanzania ilikuwa na Tuzo ya Burt, iliyoendeshwa pamoja na Mradi wa Vitabu vya Watoto, iliyolenga moja kwa moja wasomaji vijana. Ilitoa vitabu vizuri, lakini vya Kiingereza. Kiswahili, lugha ambayo kijana anaitumia kugombana na mama yake, kikawekwa kando katika tuzo ile. Tangu 2022 tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, jambo ambalo kila mpenda vitabu analifurahia. Wasimamizi wake wangetenga nafasi ya riwaya ya vijana wa miaka 13 hadi 19, peke yake, mbali na hadithi za watoto na mbali na riwaya ya watu wazima. Wafanye na jambo lingine gumu zaidi: majaji wawe pia vijana, wapewe miswada wasome, na maoni yao yahesabiwe alama.

Na waandikaji wenyewe wawe vijana. S. E. Hinton, Mmarekani aliyeandika The Outsiders, alikuwa na miaka 15 alipoianza na 18 ilipochapishwa mwaka 1967. Alichoshwa na vitabu vya vijana vilivyoandikwa na watu waliosahau ujana ulivyo. Aliwaondoa wazazi karibu wote jukwaani, akawafanya ndugu watatu kuwa yatima, na kwa nchi yake hilo lilitosha. Kijana wa kwetu hataweza kuwaondoa wazazi kwa urahisi huo, kwa sababu hata akihamia mji mwingine simu ya mama inamfuata kila Jumapili, na fedha anazotuma nyumbani zinamfunga upya kila mwezi. Atalazimika kuwaandika wakiwa hai, wakiwa karibu, wakiwa na njaa na mapenzi na makosa yao.

Vilabu vya uandishi katika shule za kata havihitaji fedha nyingi. Vinahitaji mwalimu mmoja anayekubali kusoma daftari bila kalamu nyekundu. Na ikitokea msichana wa kidato cha tatu akaleta mswada ambamo baba yake anatambulika waziwazi kwa jina lingine, mhariri ausome kwanza hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kumwuliza kama nyumbani wanajua.